Msikiti wa Kizimkazi Dimbani
Mkaazi wa Unguja aliyejaaliwa siku chache za mapumziko, naye hana nauli ya safari ya mbali, hahitaji kuvuka bahari ili aone athari za wahenga, kwani Kizimkazi Dimbani, kusini ya kisiwa, umesimama msikiti ambao maandishi ya kibla yake, yaliyochongwa katika jiwe la matumbawe kwa hati ya Kufi, yana tarehe ya mwaka 500 wa Hijra, yaani 1107 wa Miladi. Sehemu kubwa ya jengo ilijengwa upya katika karne ya 18, na paa la leo ni la bati. Lakini herufi zile, ambazo ncha zake zachipuza mithili ya majani, zingali dhahiri. Msikiti huu bado wasaliwa. Basi, ewe msomaji, ukiuzuru, omba idhini kwanza, uvue viatu, na ujisitiri.