Jaribio la Tinde na Kimelea cha Malale

Ng'ombe akikonda na majani yapo, manyoya yakamsimama na macho yakatoa machozi, mfugaji wa Mtinko, Singida, ana haki ya kushuku ndorobo. Mwaka 1895, huko Zululand, David Bruce alionyesha kwamba ugonjwa anaoueneza ndorobo, nagana ya mifugo, unatokana na kimelea cha seli moja tu, ambacho leo kinaitwa Tripanosoma brusei.

Kwenye hadubini kinafurukuta bila kutulia. Mjeledi wake unaota karibu na ncha ya nyuma, unaambaa ubavuni ukishikwa na utando mwembamba, kisha unachomoza mbele. Ndani yake kuna jozi tisa za vijibomba vinavyozunguka viwili vya katikati, mpangilio uleule wa mkia wa mbegu ya mwanamume. Penye shina la mjeledi pana DNA ya pekee: maelfu ya vipete vilivyoshikana kama mkufu. Vipete hivyo havimo mwilini mwetu, wala mwa ng'ombe. Wanaofanana nacho ni Bodo, anayeogelea majini akila bakteria, na kwa mbali zaidi Euglena, anayeyatia madimbwi rangi ya kijani.

Undugu huo wa mbali unaonekana kwenye umbo. Wa karibu ulikuwa mgumu kuupambanua. Mwaka 1910 Stephens na Fantham walieleza kimelea cha malale ya binadamu, rodesiense, kinachofanana mno na kile cha nagana. Je, hicho cha malale kikiishi muda mrefu ndani ya wanyama, kitasahau kumwambukiza mtu?

Kituo cha Tinde, Shinyanga, kilianza kulijibu swali hilo miaka ya 1930. Kwa miaka 18 kimelea kilipitishwa kutoka kwa mnyama hadi ndorobo, kisha kwa mnyama mwingine. Mara kwa mara watu waliojitolea waliumwa na ndorobo hao ili kupima kama kingali hatari. Kwangu mimi, watu hao ndio kiini cha historia hii. Walibeba hatari ambayo mnyama asingeweza kuielewa.

Kilikuwa hatari bado. Maana yake, malale ilikuwa na maficho porini na zizini, na kuwatibu watu peke yao kusingetosha. Sababu ya kimelea hicho kuweza kumwambukiza mtu ilithibitishwa Ubelgiji mwaka 1998: rodesiense ina jeni moja, SRA, inayoilinda isiuawe na damu ya binadamu. Brusei wa nagana hana jeni hiyo.