Magonjwa Mawili Katika Tumbo Moja: Historia Yake na Funzo Kwetu

  Leo tunazungumzia historia ya magonjwa mawili ya utumbo ambayo wakati mwingine humpata mtu mmoja kwa pamoja. Huenda mama ukajiuliza, "Historia ya madaktari wa zamani itanisaidia nini mimi, na mtoto wangu anaharisha kila siku?" Tega sikio, utaona.

Ugonjwa wa kwanza unaitwa seliaki. Mwenye ugonjwa huu hudhuriwa na gluteni, yaani protini iliyomo katika ngano, shayiri na nafaka ya rai. Akila chapati, mkate au maandazi, kinga yake ya mwili hugeuka na kushambulia utando wa utumbo mwembamba. Vinyweleo vidogo vya kufyonza chakula huharibika. Mtoto anakula lakini hanenepi, tumbo linajaa, choo kinakuwa kingi chenye harufu mbaya, na damu inapungua mwilini.

Wa pili ni uvimbe wa kudumu wa utumbo. Huu una sura mbili kubwa. Kuna ugonjwa wa Crohn, unaoweza kushika mahali popote kuanzia mdomoni hadi sehemu ya haja kubwa, na kuna ugonjwa wa vidonda vya utumbo mpana. Hapa pia kinga ya mwili hushambulia utumbo, lakini si kwa sababu ya ngano. Dalili zake ni maumivu ya tumbo, kuharisha, mara nyingi damu katika choo, homa na kukonda. Hutulia kwa muda, kisha huamka tena.

Sasa turudi nyuma. Karibu miaka 1,900 iliyopita, tabibu mmoja aliyeandika kwa Kigiriki, Aretaeus wa Kapadokia, alieleza habari za watu ambao chakula kilipita tumboni bila kusagika vizuri. Jina la seliaki linatokana na neno la Kigiriki la tumbo. Hata hivyo, chanzo hakikujulikana kwa karne nyingi.

Mwaka 1888 daktari Samuel Gee wa London aliandika kuhusu watoto wa namna hii. Alisema kwamba kama mgonjwa atapona, basi atapona kwa chakula. Hapo alikuwa sahihi. Lakini aliwakataza watoto hao wali, ambao hauna madhara, na akaruhusu mkate mwembamba uliokaushwa motoni! Alisimulia pia mtoto mmoja aliyelishwa kome wengi wa baharini kila siku akanawiri, kisha msimu wa kome ulipokwisha hali ikarudi ilivyokuwa.

Mwaka 1924 daktari Sidney Haas wa New York aliwalisha watoto wagonjwa ndizi nyingi na kuwanyima mkate. Walipata nafuu kubwa. Yeye alidhani ndizi ndiyo dawa, na kwamba mtoto akishapona anaweza kurudia mkate. Kumbe kilichowasaidia ni kile kilichotolewa sahanini.

Aliyefumbua fumbo hilo ni Willem Dicke, daktari wa watoto wa Uholanzi. Waandishi wa maisha yake wanaeleza kwamba katika miaka ya 1930 mama mmoja alimwambia kuwa mtoto wake hupata nafuu asipokula mkate. Dicke hakumpuuza mama huyo. Alianza kujaribu kuwalisha watoto bila ngano. Kisha ikaja njaa kali ya vita, majira ya baridi ya 1944 hadi 1945, mkate ukaadimika huko Uholanzi. Watu wengi walidhoofika kwa njaa, lakini watoto wenye seliaki wakaonekana kupata nafuu. Mkate uliporudi, wakaugua upya. Mwaka 1950 Dicke alitoa tasnifu yake kuhusu jambo hilo, na mwaka 1952 watafiti wa Birmingham, Uingereza, wakaonyesha kwamba ndani ya ngano kinachodhuru ni gluteni.

Historia ya ugonjwa wa pili ilipita njia yake yenyewe. Mwaka 1859 daktari Samuel Wilks wa London alieleza habari za vidonda vya utumbo mpana. Mwaka 1932 madaktari watatu wa hospitali ya Mount Sinai huko New York, Burrill Crohn, Leon Ginzburg na Gordon Oppenheimer, wakaandika juu ya wagonjwa 14 ambao mwisho wa utumbo wao mwembamba ulikuwa umevimba. Kabla ya hapo, wengi wa namna hiyo walidhaniwa kuwa na kifua kikuu cha utumbo. Hata leo magonjwa hayo mawili hufanana sana, na kwetu Kenya, ambako kifua kikuu bado kipo, daktari hulazimika kuyatofautisha kwa makini kabla ya kutoa dawa.

Dawa nazo zilikuja polepole. Daktari mwanamke wa Uswidi, Nanna Svartz, ndiye aliyeleta salfasalazini, dawa ambayo bado inatumika. Mwaka 1955 madaktari Truelove na Witts wa Oxford walionyesha, kwa wagonjwa 210, kwamba kotisoni hutuliza vidonda vya utumbo mpana vinapoamka. Mwaka 1998 Marekani iliidhinisha infliksimabu kwa ugonjwa wa Crohn, dawa inayoingizwa kupitia mshipa.

Akina mama, mmeona jambo? Ugonjwa mmoja ulipata chakula kama tiba, na mwingine ukapata dawa. Kwa miaka mingi daktari akishapata jina moja, alitulia. Mgonjwa wa seliaki aliyeendelea kuharisha aliambiwa anakula mkate kwa siri. Mgonjwa wa vidonda vya utumbo ambaye damu haiongezeki aliongezewa dawa ile ile. Wachache walifikiri kwamba tumbo moja linaweza kubeba yote mawili.

Leo tunajua zaidi. Mwaka 2020 watafiti waliokusanya tafiti nyingi za nchi mbalimbali walithibitisha kwamba mwenye seliaki yuko katika hatari kubwa zaidi kuliko watu wengine ya kupata uvimbe wa kudumu wa utumbo, na mwenye uvimbe huo naye yuko katika hatari zaidi ya kupata seliaki. Yote mawili ni makosa ya kinga ya mwili, na yote huelekea kufuata ukoo.

Wengine husema haya ni magonjwa ya Wazungu. Si kweli. Mwaka 1999 ulichapishwa utafiti wa watoto Wasahrawi wa Sahara Magharibi walioko katika kambi za wakimbizi nchini Algeria. Karibu watoto 6 katika kila 100 walikuwa na seliaki, kiwango cha juu kuliko cha Ulaya. Ni Waafrika hao, na chakula chao kikuu kimekuwa ngano.

Sasa tuje nyumbani. Historia hii inatufunza nini?

Kwanza, mama, ukiona chakula fulani kinamdhuru mtoto, sema. Mwambie muuguzi au daktari bila kuogopa, na uende na kijitabu chake cha kliniki kinachoonyesha uzito wake. Sayansi ilisonga mbele kwa sababu mama mmoja alisikilizwa.

Pili, usimwachishe mtoto ngano kabla ya kupimwa. Kipimo cha damu cha seliaki hutafuta alama za kinga ya mwili, na ngano ikishaondolewa alama hizo hufifia. Mtoto anaweza kuonekana mzima kumbe ni mgonjwa. Vipimo hivi, pamoja na kile cha kuingiza kamera tumboni, hupatikana zaidi katika hospitali kubwa, hivyo omba barua ya rufaa. Mara nyingi mhudumu ataanza kwa kutafuta minyoo, amiba na kifua kikuu, kwa kuwa hayo ndiyo ya kawaida kwetu.

Tatu, ikiwa mgonjwa ana yote mawili, kila ugonjwa upewe haki yake. Ngano aache maisha yake yote, hata kipande kidogo, hata mkate wa ushirika kanisani. Zungumza na mchungaji au padre kuhusu njia nyingine. Na dawa za uvimbe wa utumbo asiziache eti kwa sababu ameacha ngano. Kuacha mkate hakutibu Crohn, na vidonge vya Crohn havimruhusu mwenye seliaki kula chapati.

Tunashukuru kwamba chakula chetu cha asili hakina gluteni: ugali wa mahindi, mtama, wimbi, wali, mihogo, viazi, ndizi, ndengu, mayai, samaki. Lakini jihadhari na unga wa uji uliochanganywa, na mashine ya kusaga inayosaga ngano pia. Unga wa ngano ukibaki ndani yake, utaingia katika wimbi lako. Osha nafaka, saga pale pasiposagwa ngano, na usikaange viazi katika mafuta yaliyokaanga maandazi.

Jambo jingine: chakula salama kwa seliaki kinaweza kuwa kigumu kwa utumbo uliovimba. Githeri haina ngano, lakini uvimbe ukiamka, maganda ya mahindi na maharagwe huweza kumwumiza, hasa mwenye Crohn ambaye utumbo umekuwa mwembamba. Siku hizo mpe uji laini wa mchele au wimbi, viazi vya kupondwa na supu. Akitulia, rudisha vingine kidogo kidogo.

Mpeleke hospitali mara moja ukiona damu katika choo, homa isiyoshuka, tumbo gumu lenye maumivu makali, kutapika kila anachokula, au macho kuingia ndani kwa kukosa maji. Mkiwa njiani, endelea kumpa maji ya chumvi na sukari ya pakiti kutoka kituo cha afya.

Na mwisho, kwa majirani na mashemeji: mtoto akiendelea kukonda ingawa mama yake amefuata kila agizo, msimwambie kwamba anampikia mkate kwa siri, wala msiseme ni kijicho. Huenda kuna ugonjwa wa pili ambao bado haujapata jina. Msindikizeni mama huyo arudi kwa daktari akaulize swali hilo.