Tangazo la kura tatu: gazeti na uhuru Bukoba

Mwaka 1953, Kamachumu, polisi walirusha mabomu ya machozi mkutanoni. Ali Migeyo wa TAA, chama kilichoitangulia TANU, alikuwa akihutubia wananchi. Baadaye alikamatwa akafungwa. Kamachumu siku hizi iko Muleba, lakini wakati ule eneo hilo lote lilikuwa Bukoba. Habari za namna hiyo hazikungoja gazeti. Zilipita sokoni, msikitini, kanisani na kwenye vituo vya kununulia kahawa.

Miaka mitano baadaye, mdomo peke yake haukutosha. Serikali ya mkoloni ilikuwa imekubali uchaguzi wa Baraza la Kutunga Sheria, ila si kila mtu angepiga kura. Aliyetaka kuandikishwa alipaswa kuwa na elimu ya darasa la nane, au kipato cha paundi 150 kwa mwaka, au cheo kinachotambuliwa. Kwa maneno mengine, mpiga kura wa 1958 alikuwa mwalimu, karani, mkulima mkubwa wa kahawa. Alikuwa mtu wa kusoma gazeti. Uhayani, yaani huku Bukoba, ambako wamisionari Wakatoliki wa Mapadri Weupe walifika Kashozi mwaka 1892 na seminari ya Rubya ikafuata, watu wa aina hiyo hawakuwa wa kutafuta kwa tochi.

Sasa jiweke kwenye kiti cha katibu wa tawi la TANU anayepanga tangazo. Kazi yake ilikuwa ngumu kuliko kuandika "Uhuru" kwa herufi kubwa. Kila mpiga kura alitakiwa kuchagua watu watatu: Mwafrika, Mzungu na Mwasia. Ukiweka alama kwa mmoja tu, kura imeharibika. Kwa hiyo mtu aliyechoka kutawaliwa na Wazungu ilibidi aelezwe, kwa mistari michache, kwa nini ampigie Mzungu kura. Hata ndani ya chama jambo hili lilikaribia kuleta mpasuko. Mkutano wa Tabora wa Januari 1958 uliamua kushiriki, na Zuberi Mtemvu, aliyepinga, akaondoka kuanzisha chama chake, ANC. Binafsi naona hakuna tangazo gumu zaidi lililowahi kupangwa katika siasa za nchi hii.

Na tangazo hilo lichapwe wapi? Gazeti la Mambo Leo, lililoanza 1923, lilikuwa la serikali. Rumuli, lenye jina la Kihaya, lilikuwa la Kanisa Katoliki. Dar es Salaam kulikuwa na Zuhra la Mashado Plantan na Mwafrika lililoanza 1957, yote mawili upande wa TANU, lakini wahariri wa Mwafrika, Robert Makange na Kheri Baghdelleh, walifungwa 1958 kwa kosa la uchochezi. Chama chenyewe kilikuwa na Sauti ya TANU, na humo Mwalimu Nyerere aliwashambulia maofisa wawili wa wilaya. Mahakama ilimtoza faini ya paundi 150 au jela miezi sita. Alilipa. Tazama kiasi hicho: ni kilekile cha kipato cha mpiga kura!

Basi mwandishi wa tangazo alipima kila neno. Mahali, siku, msemaji, namna ya kuweka alama. Matusi kwa mkuu wa wilaya (DC) yaachwe nje.

Msaada ulitoka kwenye kahawa. Clement George Kahama, meneja wa chama kikuu cha ushirika cha Bukoba, aliteuliwa kuingia Baraza la Kutunga Sheria 1957, akawa waziri 1959. Wanachama wa ushirika walikuwa wamezoea kusoma bei na risiti. Tangazo la kura lilikuta macho yamekwisha fundishwa.

Wagombea waliosimama na TANU walichukua viti vyote vilivyogombewa, vya Wazungu na Waasia vikiwemo.

Kama chini ya kitanda cha bibi yako Ihangiro, Kianja au Kiziba kuna sanduku lenye karatasi za miaka hiyo, usiwashie nazo moto wa kuni. Zifunge vizuri, uzipeleke maktaba.