Upinde wa Wata na Bunduki Ndogo

Msomaji, usikiapo habari za kuwinda ndovu, yamkini wafikiri mara moja juu ya bunduki kubwa yenye kishindo. Lakini jiulize: kabla ya bunduki kufika, ndovu waliuawa kwa nini? Al-Mas'udi, mwandishi wa Kiarabu, alikwisha kutaja pembe za nchi ya Zanji katika karne ya 10, wakati ambapo hapakuwa na hata mtutu mmoja katika pwani yote.

Katika nyika iliyo nyuma ya Malindi na Kilifi, mabingwa wa kazi hiyo walikuwa Wata, ambao wengine huwaita Waliangulu. Silaha yao ilikuwa upinde mrefu, mgumu ajabu. Kuuvuta kulitaka nguvu ya ratili mia na zaidi. Mshale ulipakwa sumu nyeusi mithili ya lami, iliyochemshwa kwa vijiti vya mti wa jamii ya Acokanthera. Wagiriama walikuwa mafundi mashuhuri wa sumu hiyo. Nayo ilifungwa kwa ngozi nyembamba isikauke, maana sumu iliyokauka hupoteza ukali. Ikiingia damuni, moyo husimama.

Nguvu hiyo yote, hata hivyo, haikufaa kitu kwa mtu aliye mbali. Sharti mwindaji aujue upepo, anyatie hata awe hatua chache tu kutoka ubavu wa mnyama, apige kimya kimya. Mwenye gobore hakuwa na heri kuliko yeye: baruti, gololi, kushindilia, kisha moshi na kishindo, na ikiwa ndovu hakuanguka, nafasi ya kushindilia tena ilikuwa haba.

Sasa mtazame Walter Bell, Mskochi aliyewinda Karamoja, Uganda, mwanzoni mwa karne ya 20. Aliua ndovu zaidi ya elfu, wengi wao kwa bunduki ya milimita 7, ambayo risasi yake si nene kuliko kalamu ya kuandikia. Wenziwe walibeba mizinga mabegani. Yeye alichunguza fuvu la ndovu, akajua ubongo ulipo, akasogea karibu. Siri yake ilikuwa ile ile ya Wata.

Bell alipata leseni, mali na sifa, akaandika vitabu. Mta hakuwa na fedha ya leseni, na sheria ya serikali ya kikoloni ikamwita mwizi katika nyika ya babu zake. Tsavo ilifanywa hifadhi mwaka 1948. Katika miaka ya 1956 na 1957, David Sheldrick na Bill Woodley waliongoza msako mkubwa, na Wata wengi wakatiwa gerezani. Sisemi kwamba ndovu hawakuwa wakimalizwa; walikuwa wakiuawa kwa wingi. Lakini wachuuzi wa pembe waliokaa vivulini mijini hawakuonja taabu kama ile, nao ndio waliopata faida kubwa.

Mwaka 1960 ulianzishwa mpango wa Galana, kando ya mto uitwao Sabaki ukaribiapo Malindi, ili Wata wapate riziki halali kwa wanyama hao. Kisha, mwaka 1977, Kenya ilipiga marufuku uwindaji wote, na tangu hapo mwenye leseni na mwenye upinde wakawa chini ya sheria moja.