Kabla ya Mizani: Vitabu Vikuukuu na Shule za Utange

Shule inapoamua kukusanya karatasi kuukuu, swali la kwanza kuulizwa huwa la bei: kilo inakwenda shilingi ngapi? Makala haya yanashikilia kwamba swali hilo likitangulia, mradi umekwisha kupotoka. Kitabu kinachosomeka hakijawa taka, na shule ndiyo taasisi yenye ujuzi wa kukitenga na karatasi iliyokwisha kazi. Naijenga hoja hii nikiitazama Utange, upande wa Kisauni, ambako shule, madrasa na makanisa hupakana, na ambako jaa la Mwakirunge, linalopokea taka za Mombasa, ni la jirani. Mtoto wa Utange hahitaji kuelezwa taka zinakwenda wapi.

Wingi wa vitabu hivi una sababu. Mfumo wa elimu wa 8-4-4 ulianza 1985. Mtaala wa umilisi ulipoanza kutekelezwa kote nchini mwaka 2019, ulipanda darasa kwa darasa hadi mtihani wa mwisho wa KCPE, ule wa kumaliza shule ya msingi, ukafanywa 2023. Kila mwaka darasa moja la vitabu likakosa wanafunzi. Isitoshe, tangu 2018 serikali hununua vitabu vya kiada yenyewe na kuvifikisha shuleni, kwa lengo la kila mwanafunzi kuwa na chake. Shehena mpya ikifika, ya zamani hupisha. Mwalimu mkuu mwenye stoo moja, tena iliyoingiliwa na mchwa, halaumiki akimwita mnunuzi wa kilo.

Lakini ni nini hasa kilichopitwa na wakati? Mpangilio wa mada umebadilika, na majina ya madarasa pia. Kugawanya kwa desimali hakujabadilika, wala ngeli za Kiswahili. Riwaya ndizo zinazodhulumiwa zaidi. Katika shule za upili, Kidagaa Kimemwozea ya Ken Walibora iliipisha Chozi la Heri ya Assumpta Matei, nayo ikaja kuipisha Nguu za Jadi ya Clara Momanyi. Kutoka kwenye orodha ya vitabu vya kutahiniwa hakuifanyi riwaya kuwa mbovu. Kinyume chake, hapo ndipo inapoweza kusomwa bila hofu ya mtihani, na mama, kaka au jirani ambaye nyumbani kwake hamna kitabu chochote cha hadithi. Kuipeleka riwaya kama hiyo kiwandani ikageuzwe karatasi ya msalani ni hasara ambayo hesabu ya kilo haiioni.

Kazi yenyewe ya kuchambua si ya kupuuzwa, na ndiyo yenye elimu. Chukua daftari moja la hesabu la kurasa 96, lile lenye majedwali ya kuzidisha mgongoni. Muhula unapokwisha, mara nyingi sehemu ya mwisho haijaguswa na kalamu. Mwanafunzi hung'oa pini mbili za katikati, huondoa karatasi zilizoandikwa, na zile nyeupe huzishona pamoja na za wenzake kwa uzi na sindano nene: daftari jipya la kufanyia hesabu za rafu. Jalada gumu linabaki kuwa jalada. Pini huwekwa koponi, maana huko kiwandani ni kero. Jalada lililopakwa plastiki hutengwa pia, kwa kuwa halilainiki majini kama karatasi nyingine. Katika dakika hizo chache mtoto amejifunza jinsi karatasi ilivyoundwa, zaidi ya ambavyo angejifunza kwa kukariri ubaoni.

Lipo jambo ambalo mwongozo wa urejelezaji ulioandikwa mbali na Pwani hauwezi kulifikiria. Daftari la somo la dini ya Kiislamu lina aya zilizoandikwa kwa mkono wa mtoto. Likitiwa gunia moja na karatasi nyingine, huenda kesho likafungia njugu au viazi karai. Kwa Mwislamu huko ni kuyavunjia heshima maneno ya Mwenyezi Mungu. Kurasa kama hizo huzikwa mahali safi, huchomwa au huzamishwa baharini. Kwa hivyo pawe na gunia la pili, la kukabidhiwa maalimu wa madrasa ya karibu. Wazazi wakiliona, wataleta na juzuu zilizochanika nyumbani. Wasipoliona, wengi watazuia karatasi zao, na watakuwa na haki. Vilevile rejista na fomu za matokeo zenye majina ya watoto zisitoke zikiwa nzima. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 haikuisahau shule.

Kinachosalia baada ya uchambuzi huo ndicho cha mizani. Nacho kina safari ndefu. Kiwanda cha Pan African Paper Mills cha Webuye, kilichoanza kazi 1974, kilifungwa 2009, na hata kilipopata mwenyewe mpya 2016 hakikuwa karibu na Pwani. Chandaria, wanaotengeneza karatasi laini kutokana na karatasi taka, wako Nairobi, takriban kilomita 480. Karatasi ni nyepesi na hujaza nafasi, hivyo isipobanwa marobota, nauli huimeza bei yote. Ikilowa wakati wa masika, hushuka thamani. Shule moja peke yake haiwezi kitu. Shule kadhaa zenye banda moja kavu na siku moja ya kukusanya zinaweza. Tena nyuzi za karatasi huchoka: huweza kurejelezwa mara tano hadi saba hivi, basi. Hiyo ni sababu nyingine ya kutoharakisha kukiponda kitabu kizima.

Watakaopinga watasema walimu wamelemewa. Ni kweli, na ndiyo maana kazi hii ifanywe na chama cha wanafunzi pamoja na wazazi. Kwamba wanafunzi wanaweza, mfano upo: Wildlife Clubs of Kenya ilianzishwa na wanafunzi wenyewe mwaka 1968, na vyama vyake vingali shuleni hadi leo.

Sheria nayo iko upande wa hoja hii. Vitabu vya shule ya umma ni mali ya umma, na Sheria ya Ununuzi na Uondoaji wa Mali za Umma ya 2015 inataka kamati ya uondoaji. Miongoni mwa njia inazoziruhusu ni kuihamishia mali taasisi nyingine ya umma, ikiwemo maktaba. Bodi za shule za Utange zianze na njia hiyo. Wazazi nao waulize, kabla mnunuzi hajaingia langoni: ni nani aliyevipitia vitabu hivi, ni vingapi vimepata wasomaji, na fedha za vilivyosalia zitaandikwa wapi?