Riwaya iliyotafuta mlango

Kati ya Butembo na Beni, mashariki mwa Kongo, kuna barabara ya kilometa 54. Tangu Oktoba 2014, mauaji yalipoanza kuenea vijijini kandokando ya Beni, barabara hiyo imepitisha watu wenye magodoro kichwani. Waliowapokea mara nyingi hawakuwa ndugu zao. Mama wa Butembo huwasogeza wanawe kitandani, wa mgeni wakapata nafasi. Mwaka ukiisha, nao wanamwita mama. Nikisoma hadithi za vijana mashoga waliofukuzwa kwao wakapata jamaa wengine, picha hiyo ndiyo hunijia.

Kwetu historia ya hadithi hizo ni fupi, yenye mapengo. V. Y. Mudimbe, mzaliwa wa Likasi, alichapisha Le Bel Immonde mwaka 1976. Humo, Kinshasa ikiwa katika miaka ya uasi, mwanamke aitwaye Ya anauza mwili kwa wanaume, waziri akiwa mmoja wao, huku moyo wake ukiwa kwa mwanamke mwenzake. Wasomaji wengi walimshika waziri na siasa zake. Huyo mwenzake wakampita kama kiti cha baa.

Miaka 30 baadaye sauti ikatoka ng'ambo ya Kasindi, mpakani kwetu na Uganda. “Jambula Tree” ya Monica Arac de Nyeko, Mganda, ilipata Tuzo ya Caine mwaka 2007. Ni hadithi fupi ya wasichana wawili, Anyango na Sanyu. Jirani anawafumania, mmoja anapelekwa London. Mtaa mzima una macho, hauna mlango. Filamu ya Rafiki, iliyotokana nayo, ilipigwa marufuku Kenya mwaka 2018.

Mlango aliufungua Diriye Osman, Msomali aliyekimbia vita utotoni, akaishi Nairobi kabla ya London. Katika Fairytales for Lost Children (2013), waliokanwa na wazazi wanaokotana wao kwa wao. Sishangai kwamba aliyeyaona hayo ni mkimbizi.

Nje ya vitabu, sheria ya Kongo haitaji ushoga kuwa kosa, ingawa kifungu cha 40 cha Katiba ya 2006 kinataka ndoa iwe ya jinsia mbili. Uganda adhabu ni kifungo cha maisha, na tangu 2023, kwa baadhi ya makosa, kifo. Wafanyabiashara wetu huvuka mpaka huo kila siku.

Je, yule mama wa Butembo, kijana wa namna hiyo akibisha usiku na begi moja, angemuuliza kwanza kama amekula? Nataka kuamini hivyo. Ila Jumapili kanisani husikia mengine.