Nasaba ya Marashi: Waridi la Jabal Akhdar



Katika kila mkutano wetu hutengwa kurasa chache kwa ajili ya khabari za asili yetu. Safari hii hatutaandika juu ya mababu wala majina yao, bali juu ya kitu kisichokosekana katika nyumba zetu, iwe Maskati, Dubai au London: marashi. Kitu hiki nacho kina nasaba yake, na mwenye kuifuatilia ataona kuwa inafanana sana na yetu.

Tuanze na jina. Kwa Kiarabu, kitenzi chenye asili ya neno hili maana yake ni kunyunyiza, na kile chombo cha shingo ndefu chenye matundu kichwani huitwa kwa jina la kitendo hicho. Waswahili tuliligawa neno: chombo tukakiita mrashi, na maji yaliyomo tukayaita marashi. Waarabu wenyewe maji hayo huyaita maji ya waridi. Kwa hivyo wao walilishika ua, na sisi tukaushika mkono unaonyunyiza. Si ajabu, kwani wazee wetu wa Unguja waliyajua marashi barazani na harusini, katika maulidi na katika mazishi, lakini wengi wao hawakupata kuuona mti wake ukichanua mlimani.

Visiwa vya karafuu havikuwa nchi ya kukamulia mawaridi. Tangu kabla ya Sayyid Said bin Sultan kuhamishia makao yake Unguja katika miaka ya 1830, majahazi ya kaskazi yalikuwa yakiteremka kutoka Ghuba na bidhaa za huko, na marashi yakiwamo. Yalipofika pwani yalikutana na manukato ya wenyeji: asumini, rehani, mkadi, na vikuba vilivyofungwa kwa mikono ya kina mama. Udi na ubani vikafukizwa chetezoni, na marashi yakanyunyizwa juu ya yote hayo. Mchanganyiko ule ndio tuliourithi.

Sasa tuupande mlima wenyewe. Jabal Akhdar, yaani Mlima wa Kijani, ni sehemu ya safu ya Hajar, juu ya Nizwa. Uwanda wake wa Saiq uko kiasi cha mita 2,000 juu ya bahari, kwa hivyo baridi yake ni baridi ya kweli, na hustawi komamanga, mishmishi na jozi. Katika vijiji vya Al Ayn, Al Aqr na Ash Shirayjah mashamba yamechongwa ubavuni mwa mlima kama ngazi, na maji huteremka kwa falaj kutoka ngazi moja hadi nyingine kwa zamu zinazojulikana. Mawaridi huchanua tangu mwishoni mwa Machi hadi katikati ya Mei. Huchumwa alfajiri, kabla jua halijaipeperusha harufu.

Ukamuaji wa asili hufanywa katika tanuri la mawe na udongo liitwalo duhjan. Petali hutiwa ndani ya chungu kilichokaa juu ya moto, na katikati yake huwekwa bakuli. Mdomo wa chungu hufunikwa kwa chombo cha shaba chenye tumbo la mviringo kilichojaa maji baridi. Mvuke hupanda, hugonga ile shaba ya baridi, hugeuka matone, na matone huangukia bakulini. Maji ya kwanza huwa na rangi ya moshi, basi huachwa katika mitungi mikubwa mpaka yatulie na kusafika. Ndiyo maana marashi ya mlimani yana harufu ya waridi na ya moshi kwa pamoja, na mwenye kuyazoea huyaona yale meupe ya dukani kuwa yamepungukiwa na kitu.

Ufundi huu ni wa kale sana. Watu wengi husema kuwa mvumbuzi wake ni Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037. Lakini yapata karne mbili kabla yake, al-Kindi wa Baghdad alikuwa amekwisha kuandika kitabu kizima juu ya kemia ya manukato na ukamuaji.

Na waridi lenyewe? Hapa ndipo penye jambo ambalo tungependa vijana wetu walizingatie. Wengi hudhani kuwa ni ua la mwituni, lililoota lenyewe katika mlima ule tangu dunia ilipoumbwa. Sivyo. Ni waridi la Damaski, mti wa shamba, na simulizi za Oman husema kuwa lililetwa kutoka Uajemi karne nyingi zilizopita. Mwaka 2000 wachunguzi wa Kijapani walipima asili ya mawaridi ya Damaski na kuona kuwa yana wazazi watatu wa jamii mbalimbali, mmojawapo akiwa ni waridi la Asia ya Kati. Tena, ili lisipoteze sifa zake, waridi hili huzalishwa kwa kupandikiza vijiti na machipukizi, si kwa mbegu. Maana yake ni kuwa kila mti ulioko mlimani leo ulifikishwa pale na mkono wa mtu.

Wazee wetu walioitikia wito wa Sultan Qaboos wa kurejea Oman, baada ya kushika utawala mwaka 1970, wanalijua vyema swali walilokuwa wakiulizwa: "Nyinyi ni wa wapi khasa?" Unguja waliitwa Waarabu, Oman wakaitwa Wazanzibari kwa sababu ya lugha yao. Watoto wao walioko Uingereza huulizwa swali lilo hilo kwa lugha nyingine. Waridi la Jabal Akhdar ni chotara na ni mhajiri, na hivi leo ndilo fahari ya nchi. Lilipewa udongo na maji, nalo likatoa harufu yake, na hapana aliyelidai hati ya kuzaliwa.

Mwaka 1983 fahari hiyo ilivuka mipaka. Kwa matakwa ya Sultan, Sayyid Hamad bin Hamoud Al Busaidi alianzisha nyumba ya manukato ya Amouage, na fundi wa Kifaransa Guy Robert akatunga manukato yake ya kwanza. Katika maelezo ya wauzaji hutajwa ubani wa Dhofar pamoja na waridi la mwamba la Jabal Akhdar. Jina hilo lisitutatize. Waridi la mwamba ni jina la vichaka vya mwituni ambavyo si jamaa wa waridi hata kidogo. Mlima mmoja, basi, umepewa sifa ya maua mawili: la mwituni lililoingia katika chupa za thamani kubwa, na la shambani lililobaki katika mirashi ya nyumba zetu.

Hili la pili ndilo linalotutia wasiwasi. Ngazi za mashamba hudumu maadamu kuna wa kuzijenga upya kila mvua inapozibomoa, na falaj hudumu maadamu kuna wa kuisafisha. Vijana wengi wa mlimani wamekwenda mijini kutafuta kazi, kama walivyofanya wetu. Mvua zikipungua, mti usio na mtu hufa kwanza.

Kwa hivyo tunawaomba jambo moja. Katika siku hizi za mkutano, kila kijana aketi na mzee mmoja amuulize: marashi yalitumiwaje nyumbani kwenu, nani alikuwa akiushika mrashi, kikuba kilifungwa kwa maua gani? Kisha majibu yaandikwe, kwa Kiswahili, tuyachape katika kijitabu kijacho. Wanaoyakumbuka wanapungua kila tunapokutana, na khabari hizi hupandikizwa kwa mkono, kama lile waridi.